Nywele za Appanna

Hapa Adoni, mji wetu wa bara huku India, mtu akikuuliza Simhadri yupi, pitisha kiganja juu ya kichwa chako kama unayelaza nywele, naye atajua mara moja. Ni Simhadri wa kiwanda cha uzi. Umri wake ni miaka hamsini hivi, lakini nywele zilikuwa za kijana: nyingi, nyeusi kwa piko, zimelainishwa kwa mafuta ya nazi, zimechanwa kwenda nyuma, na wimbi moja limeachwa mbele kwa makusudi. Akipita chini ya feni anainama. Pikipiki ya mtu hapandi. Mvua ikimkuta sokoni, atasimama kibarazani kwa muuza vitambaa mpaka muuza vitambaa afunge duka.

Mimi nimezaliwa Visakhapatnam, nikauza chai kwenye treni miaka mingi, mwisho nikashuka hapa Adoni na sikupanda tena. Mama yake Simhadri, Bi Narasamma, naye ni wa kule kule kwetu pwani, na ndiyo maana nikienda kijijini kwao ananipa karanga na kuongea nami kwa lafudhi ya nyumbani. Habari hii basi naijua upande wa bahari na upande wa vumbi.

Bi Narasamma alizaa watoto ambao hawakukaa. Alipopata mimba ya huyu alipanda kilima cha Simhachalam, nje kidogo ya Visakhapatnam, akamwambia Appanna, mungu wa kilima kile: huyu akikaa, nitampa jina la kilima chako, na nywele zake za kwanza ni zako. Mtoto akakaa. Jina akapewa, maana Simhadri ni jina jingine la kilima kile. Nywele ndizo zilizokwama. Baba mtu alipata kazi ya reli huku magharibi, wakahama mtoto akiwa mchanga. Kisha mtoto akaota vipele kichwani, daktari akaamuru anyolewe palepale, na nywele za Appanna zikaishia kwenye beseni la hospitali.

Tangu hapo mama amekuwa na neno moja. "Hizo nywele si zako. Unamtunzia mwenyewe."

Simhadri alinyoa mara moja tu akiwa mtu mzima, siku ya mazishi ya baba yake, kama inavyompasa mwana. Tulimwona na upara, masharubu hana, tukampa pole. Mama alimsubiri mpaka siku za msiba zikaisha, akasema: "Zile ulimpa baba yako. Za Appanna bado."

Kwenda Simhachalam kulikuwa na sababu zake za kutokwenda. Mara nauli, mara harusi ya dada, mara kiwanda hakitoi ruhusa, mara magoti ya mama. Sababu haikosekani nyumbani kwa mtu.

Mwaka huu ikatokea hivi. Kila mwaka mwenye kiwanda, tunamwita Setti, humtuma mpwa wake Visakhapatnam kuonana na wanunuzi wanaopeleka uzi nje kwa meli. Mwaka huu mpwa anaoa. Setti akamwita Simhadri.

"Uzi wetu wanaujua," alimwambia. "Wewe hawakujui. Wataangalia sura kwanza. Nenda hivyo hivyo ulivyo, usibadilishe hata kifungo."

Kikao kilikuwa Jumatatu asubuhi, na treni ya kurudi ni jioni ileile. Simhadri akaomba aondoke mapema, afike Jumamosi. Setti akamuuliza atafanya nini huko siku mbili nzima peke yake. Simhadri akasema atapumzika. Mtu huyu hajawahi kulala chumbani peke yake maishani. Alitoka kwenye mkeka wa mama akaingia kwenye mkeka wa ndugu, akatoka hapo akaingia kwa mkewe Nagaveni, na watoto katikati. Hajawahi kuchagua chakula bila kuuliza wengine watakula nini.

Siku ya safari mama alikuwa mlangoni, anamfungia mikate ya mtama na unga wa karanga wa pilipili.

"Utapanda kwa Appanna," alisema.

"Nitapanda, Mama. Nitamsalimia."

"Kumsalimia tu?"

"Mama, Jumatatu nina wanunuzi. Nikiwatokea na kichwa kama nazi iliyofuliwa watafikiri nimefiwa. Setti amesema nisibadilishe kitu."

"Basi mwambie Appanna hivyo. Mwambie Setti kakataa."

"Mwakani, Mama. Mwakani tutakwenda wote."

"Mwakani naisikia tangu ulipoota meno." Akakaza fundo la mfuko. "Mimi sisemi kwa ubaya, mwanangu. Kufa siogopi. Naogopa kufika huko nikaulizwa, na mimi sina la kujibu."

Simhadri alipanda treni na maneno hayo. Lakini alipobadilisha treni kituo cha Guntakal, akapata kiti cha dirishani, maneno yakaanza kupungua uzito, na kulipokucha akaona kijani kila upande, minazi, maji yamesimama mashambani, alikuwa na furaha mpaka akamwomba radhi abiria mwenzake kwa kucheka.

Visakhapatnam, kwa asiyeijua, ukitembea unapanda, na usipopanda unashuka. Vilima vimeingia mjini kama ng'ombe wasiofukuzwa, nyumba zimewapanda migongoni, na mwisho wa kila kichochoro bahari inakuchungulia. Simhadri alitupa mfuko wake gesti, mji mkongwe, akaoga, akapaka mafuta, akachana, akatoka. Hakuuliza njia. Aliona ngazi, akazifuata.

Alipanda mpaka kanisani kwa Maria, juu kabisa, akageuka. Hapo ndipo aliiona yote: bandari, kreni za kupakulia zimeinama, mnara wa taa kule kwenye pua ya kilima, na bahari isiyo na mwisho. Anasema alitafuta mtu wa kumwambia, "Tazama," akakuta hayupo, na kutokuwepo kwake kukamfurahisha zaidi. Akashuka mbio, akapanda kilima cha pili penye kaburi la walii, akashuka, akapanda cha tatu penye hekalu la Venkateswara. Watu wazima wa mji ule hupanda kimoja kwa siku na kulalamika wiki nzima. Yeye alivimaliza vyote kabla ya chakula cha mchana, kama ndama aliyekata kamba. Kisha akaingia hotelini akaagiza samaki, akamaliza, akaagiza tena samaki yuleyule, na hakuna aliyemwambia kitu.

Alasiri akaenda kilima cha Kailasagiri kupanda lile gari la waya linalopaa juu ya mti na mwamba. Akaingia kibehewani pamoja na familia moja, baba, mama na bibi mwenye asumini nyingi kichwani. Mlango ukafungwa, gari likaondoka, na upepo wa bahari ukaingia kwa nguvu zake zote. Simhadri akaweka mikono miwili juu ya nywele.

Bibi akamtazama muda. "Mwanangu, shika chuma," alimwambia. "Hizo hazitadondoka. Wewe ndiye utakayedondoka."

"Niko sawa, Mama."

"Kilicho sawa ni nini, na macho umefumba? Bahari hiyo hapo, umeilipia."

Yule baba akasema, "Mwacheni. Labda si zake." Wakacheka wote, naye akacheka, lakini mikono hakuitoa.

Alipofika juu aligundua kwamba njia nzima hakuona kitu. Akashuka ufukweni, karibu na ile nyambizi kuukuu waliyoipandisha mchangani, akanunua bajia za pilipili, akavua viatu. Watu walikuwa majini na nguo zao, kina mama wameshikana mikono, wanaume wazima wanarushiana maji. Simhadri alitamani kuingia mpaka meno yakamuuma. Lakini piko analijua. Liliwahi kumchuruzika kwenye harusi, mvua ilipowanyeshea, mpaka kola ya shati ikawa kama shingo ya mchoma makaa. Akasimama pale mawimbi yasipofika. Wimbi lilikuja, yeye akarudi nyuma. Wimbi lilikwenda, yeye akasogea. Alicheza hivyo na bahari mpaka jua likawa nyuma ya vilima, akarudi gesti na mchanga kwenye visigino tu. Akajitazama kwenye kioo. Wimbi la mbele lilikuwa mahali pake.

Jumapili akavaa shuka nyeupe, akapanda basi la Simhachalam. Njia inazunguka kilima, harufu ya mananasi inaingia dirishani, wanawake wanauza maua ya manjano kila kona. Akasimama kwenye foleni. Akamwona Appanna alivyofunikwa liwa, ule msandali uliosagwa, tangu juu mpaka chini, hana uso wala mkono, kama anayesubiri bila kuharakisha mtu. Simhadri akakutanisha viganja, akasema aliyokuja kusema, mambo ya Setti na mambo ya Jumatatu. Akaikumbatia nguzo ya hekalu ambayo waumini huikumbatia wakiomba. Kazi ikawa imekwisha, akatoka.

Lakini njia ya kutokea inapita ukumbi wa kunyolea.

Unausikia kabla hujauona. Vichanga vinalia, mabomba yanamwaga maji, watu wanaitana. Wale waliokwisha nyolewa wanatoka wamepakwa liwa kichwani, manjano tupu, wazee kwa watoto, wanapapasana vichwa na kucheka. Simhadri akasimama mlangoni.

Kinyozi aliyekuwa karibu hakuinua hata macho. "Kunyoa au kutazama?"

"Natazama tu, kaka."

"Mtazamaji asimame pembeni. Unanizibia mwanga."

Akasogea, lakini hakuondoka. Kinyozi akamaliza kichwa kimoja, akafungua wembe mpya. "Unaitwa nani wewe unayetazama?"

"Simhadri."

Sasa akainua macho, akamtazama nywele. "Simhadri, na una manyoya yote hayo? Simhadri wote wa nchi hii nimewanyoa kabla hawajajua kusema mama. Wewe ulikuwa wapi?"

"Nilicheleweshwa."

"Na nani?"

Simhadri anasema alifungua mdomo aseme. Alitaka kusema reli, akataka kusema vipele, nauli, kiwanda, magoti, Setti. Kila moja ilikuwa kweli. Lakini alipozipanga ulimini alisikia zinavyofanana, akaona haya kumwambia mtu mwenye wembe mkononi. Badala yake akauliza jambo jingine kabisa.

"Kaka, nikinyoa, leo hii naweza kuingia baharini?"

"Hata ukitaka kulala humo. Nani atakuzuia?"

Simhadri akakaa chini.

Kinyozi akammwagia maji. Yakashuka meusi kwa lile piko, kinyozi akayatazama yanavyokwenda. "Nadhiri ya nani?"

"Ya mama yangu. Narasamma."

"Basi mfikirie yeye, kichwa niachie mimi. Na masharubu?"

"Nadhiri ilikuwa ya mtoto mchanga. Hakuwa na masharubu."

"Hapa tunanyoa vyote. Ukibakiza utafanana na askari jela."

Nywele zikamwangukia magotini, nyingi kuliko alivyodhani. Anasema aliogopa mpaka lile wimbi la mbele lilipoondoka. Baada ya hapo hofu ikakosa pa kukaa. Wakampaka liwa. Ubaridi ukamshuka mpaka kwenye uti wa mgongo. Alipotoka uani upepo ukamgusa kichwa chote kwa pamoja, na mtu huyu wa miaka hamsini akapiga chafya kwa furaha.

Alinunua ladu za hekaluni, vile vitamu vya mviringo vilivyobarikiwa, akanunua nanasi, akapanda basi, akashuka ufukweni, akamwachia muuza bisi za mchele mfuko wake, akaingia. Hakuingia kwa miguu kama watu. Aliingia kwa kichwa. Wimbi likambeba, likamrudisha, akalifuata tena. Maji yakaingia masikioni, puani, chumvi ikamchoma pale wembe ulipopita, naye akataka zaidi. Alipotoka kuvuta pumzi alimwomba muuza bisi ampige picha kwa simu, akaipeleka kwenye kundi la watu wa kiwandani. Akataka kuandika neno, vidole vimelowa, herufi hazikubali. Akasema ataandika baadaye, akaifunga simu kiunoni kwenye shuka, akarudi majini. Simu ikafa palepale.

Sasa upande wetu wa vumbi.

Jumapili hiyo alasiri nilikuwa nimekaa kwa Khaja, anayepima marobota pale kiwandani, tunakunywa chai. Simu yake ikalia. Akaitazama, akasimama.

"Inna lillahi," alisema. "Mzee, mama yake Simhadri hatunaye."

Akanionyesha. Simhadri, upara, masharubu hana, shuka nyeupe imelowa, nyuma yake bahari. Hakuna neno hata moja. Nani ananyoa vile, akaingia majini vile, kama si mwana aliyetoka kuchoma maiti ya mzazi?

"Lakini mama yuko kijijini," nikasema.

"Atakuwa alikwenda naye. Si kila siku anasema lazima afike kule kabla hajafa? Ndiyo amefika."

Tukampigia Simhadri, hapatikani. Na mkewe je? Hapo Khaja akanitazama. Utampigiaje mwanamke simu umuulize kama kweli mkwe wake amekufa? Kwetu msiba hauulizwi kwa simu. Msiba unaendewa.

Setti, naye akiwa ameiona picha, akaja na gari lake. Tena alikuja ameinamisha kichwa, na Khaja alipomwambia, "Na kikao cha kesho, Setti?" alijibu, "Kikao kitu gani, Khaja. Mtu amefiwa na mama." Njiani tukasimama kununua shada la maua, kubwa, la kufaa mwanamke mwenye umri ule. Khaja alilipakata magotini kama mtoto.

Tulipofika, Bi Narasamma alikuwa kibarazani anamenya karanga.

Tulisimama. Setti mbele, mimi nyuma, Khaja na shada katikati. Mbuzi wa nyumbani alikuja kutunusa. Hakuna aliyejua mtu unamsalimiaje maiti anayemenya karanga.

"Karibuni," alisema. "Nani amekufa?"

Setti akamtazama Khaja. Khaja akanitazama mimi.

"Hakuna, Mama," Khaja akasema. "Tulikuwa tunapita."

"Na shada?"

Khaja akalitazama lile shada kama aliyebambikiwa. Na hapo uso wa mama ukabadilika. Karanga zikamwagika. Nagaveni alikuwa ametokea mlangoni, akashika nguzo. "Mwanangu ana nini?" mama akauliza. "Semeni sasa hivi. Mwanangu ana nini huko?"

"Mzima," nikasema haraka. "Dada, mzima kabisa. Tulidhani wewe."

"Mimi nini?"

"Tulidhani ni wewe uliyekufa."

Khaja akampa simu. Bi Narasamma akaishika kwa mikono miwili, akaisogeza machoni, akaitoa mbali, akaisogeza tena. Tulisubiri. Nagaveni akamsogelea begani, akatazama, akaziba mdomo kwa ncha ya sari.

"Hana masharubu," mama alisema.

Kisha: "Hii hapa masikioni ni liwa. Haijatoka yote."

Kisha akatuinulia macho. "Huyu anacheka. Nyinyi watu wazima watatu mmetazama picha ya mtu anayecheka, mkaona maiti?"

Tukainamia simu, vichwa vikagongana. Kweli. Simhadri alikuwa anacheka mpaka gego la mwisho linaonekana. Sisi tulitazama upara, hatukushuka chini zaidi.

"Lakini amenyoa," Setti akasema kwa sauti ndogo. "Kesho ana wanunuzi."

"Keti, Setti," Bi Narasamma akamwambia, na sauti yake ilikuwa ya msichana. "Keti ule karanga. Nagaveni, weka chai, weka na sukari ya kutosha." Hakumrudishia Khaja simu yake. Aliiweka mapajani akawa anaitazama kila baada ya karanga mbili tatu, na machozi yanamtoka bila yeye kuyajali. Shada hatukujua pa kuliweka, maana maua ya maiti hayaendi kwa mungu wala hayavaliwi na aliye hai. Tulipokuja kukumbuka, mbuzi alikuwa amekwisha kula nusu.

"Mwacheni," alisema mama. "Amalizie msiba wangu."

Kikao chenyewe hakina habari kubwa. Simhadri aliingia Jumatatu asubuhi na suti yake na kichwa chake. Mnunuzi mkubwa akainuka kumpa mkono, akautazama ule upara. "Kwa Appanna, jana?" akauliza. "Jana," Simhadri akajibu. Yule bwana akakinga kiganja, na wenzake nao wakakinga, na kabla uzi haujatajwa Simhadri akawagawia ladu za Appanna kutoka mkobani. Wakanunua kama wanavyonunua kila mwaka, si zaidi wala si pungufu.

Alipofika nyumbani nilikuwepo. Nilikwenda kwa makusudi. Aliweka nanasi chini, akainama kwenye miguu ya mama. Mama akaweka kiganja juu ya ule upara. Kisha akakinusa kiganja chake.

"Chumvi," alisema. "Uliingia baharini na liwa ya Appanna kichwani?"

"Niliingia, Mama."

"Ikaoshwa yote?"

"Yote."

Nagaveni akanitazama, tukajua sasa Simhadri ataanza kugombezwa. Lakini Bi Narasamma tangu alipoiacha pwani na mtoto mgongoni hajaiona tena bahari. Akajisogeza ukutani, akampisha mwanawe nafasi mkekani.

"Haya," alisema. "Maji yalikuwaje?"

Simhadri akakaa, akaanza kumweleza, mikono inapaa, wimbi hivi, wimbi vile, na feni ya dari ikimzungukia kichwani bila yeye kuinama.